Mgongo wa Mkono wa Bi Mize

Watu wa Bagamoyo walikuwa na kichekesho chao kwa Bi Mize binti Msabaha. Kwenye arusi walimkalisha mwisho kabisa, karibu na mlango, na kwenye msiba walimtafuta kabla hata ya kumtafuta mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwenyewe hakujali. Pilau ya mlangoni, alikuwa akisema, ina nyama ileile. Alikuwa mwosha maiti wa wanawake mtaa wa Gongoni. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, Bi Ashatu, aliyemchukua angali mwali, akamfundisha kuchanganya maji na majani ya mkunazi, kusaga kafuri, kukunja mikono ya marehemu na kuchana sanda kwa kwenda sawa. Na usidhani hiyo ni kazi ya mtu mwenye roho ngumu. Mwenye roho ngumu hufanya chapuchapu, humwaga maji kama anayesuuza sufuria. Bi Mize aliwaosha wenzake taratibu, kana kwamba bado wangeweza kusema maji ni ya baridi.

Mwaka wake wa pili kazini, yeye na shangazi yake waliitwa kwa Bi Sihaba, mjane mnene wa Dunda aliyeanguka tangu alfajiri, mikono baridi, macho yamesimama. Majamvi ya msiba yalikuwa yameshatandikwa. Bi Ashatu akapiga bismillahi, akamimina kata ya kwanza upande wa kulia, na maiti akapiga chafya. Si chafya ya haya, bali chafya ya mtu aliyevuta ugoro. Wanawake waliokuwamo chumbani walikimbilia mlangoni, na wengine dirishani. Bi Sihaba aliishi miaka kumi na mmoja mingine, na katika miaka yote hiyo hakuitikia salamu ya Bi Ashatu hata siku moja.

Mji mzima ulicheka, Bi Ashatu akiwa wa kwanza. Mize hakucheka. Alirudi nyumbani akakosa hamu ya chakula kwa wazo moja tu: je, kama asingepiga chafya?

Tangu siku ile akajiwekea desturi yake. Kabla ya kata ya kwanza alichovya mkono wa kushoto majini, akauweka mgongo wake chini ya pua ya marehemu, akasoma Alhamdu mara saba pasipo haraka. Ngozi iliyolowa haifichwi kitu. Pumzi ikipita juu yake, hata ingekuwa ya kifaranga, huhisi ubaridi. Jamaa wa marehemu walikereka, wakanong'ona kwamba huyu mwanamke anajitia ujuzi. Yeye akamaliza mara zake saba ndipo akachukua kata. Baada ya kuosha alimpima marehemu kwa uzi wa ukindu, kichwa mpaka nyayo, akaupeleka uzi ule kwa Mwinyimvua, mchimba makaburi. Hawakuwa na mazungumzo wale wawili. Bi Mize alinyosha mkono, Mwinyimvua akaupokea uzi, akasema inna lillahi, akaenda kutwaa jembe.

Nyuzi nne kati ya hizo zilikuwa za watoto wa Bi Mize mwenyewe. Wawili waliondoka kwa ndui wiki moja, mmoja kwa homa, mmoja kwa kuhara. Wote aliwaosha kwa mikono yake, na kwa kila mmoja alisoma Alhamdu si mara saba, bali mpaka watu walipomshika bega. Alibaki na kitinda mimba, Zaina, aliyeolewa kule Mkange na mkulima jina lake Kitwana. Kila alipomwombea Mungu binti yule, aliomba jambo lilelile: nisimwoshe huyu, aje anioshe yeye.

Sasa, mwaka 1886, miaka miwili kabla pwani haijachafuka kwa vita vya Wajerumani, alikuja Bagamoyo daktari Mgoa akitokea Unguja. Daktari Kaitano, mwembamba, mwenye koti jeusi lisilojali joto, aliyesomea kazi yake Bombei na kujifunzia Kiswahili chake sokoni Unguja. Alipanga nyumba mtaa wa Wahindi, akaweka meza ndefu chumba cha chini, na habari ikaenea kwamba ana dawa ya maji inayomlaza mtu usingizi hata akatwe asijue. Wanaume walikwenda. Wanawake waume zao walikataa katakata, mwanamke kulazwa usingizi mbele ya mwanamume asiye wake, hilo halijapata kuwa. Daktari akaomba atafutiwe mwanamke wa heshima akae naye chumbani, asiyeogopa damu wala mtu aliyelala kama amekufa. Mji mzima ulikuwa na mmoja tu.

Mgonjwa wa kwanza aliyemwona alikuwa Mwajabu, mke wa mshona makubadhi, mwenye jipu pajani lililomtesa mwezi mzima. Daktari aliweka kitambaa puani pake, akadondosha dawa tone moja moja. Harufu yake ilikuwa tamu, ya kuchefua. Mwajabu alihesabu kwa sauti, akafika tisa, akapotea. Daktari akachukua kisu. Bi Mize alimwona mwanamke yule aliyekuwa akilia hata shuka likimgusa, sasa anapasuliwa, anakamuliwa, anafungwa, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza maulidi. Miaka ishirini na tisa alikuwa amegusa miili isiyosikia maumivu, na ukimwacha Bi Sihaba, hakuna hata mmoja uliopata kurudi. Huyu alifumbua macho, akauliza wataanza saa ngapi.

"Daktari," Bi Mize alisema walipobaki wawili, "hawa unawaleta mpaka mlangoni kwangu, kisha unawarudisha."

Daktari hakucheka. "Ndiyo, Bi Mize. Na si wote wanaorudi. Ndiyo maana nataka mtu wa kukaa kichwani. Mimi nikiwa na kisu macho yangu yako kwenye kisu."

Basi akawa yeye. Alikaa kichwani pa mgonjwa na bakuli la maji, mgongo wa mkono wa kushoto chini ya pua, akisema "ipo, ipo, ipo" kwa kila pumzi, na daktari akidondosha dawa kwa kuifuata sauti hiyo. Pumzi ikipungua, alisema "inapungua," na tone lililofuata lilingoja. Kila kitu daktari alikiandika kwenye daftari: matone mangapi, pumzi namna gani, mgonjwa ameamka baada ya muda gani, na maumivu yameanza lini. Hilo la mwisho lilimkosesha raha. Wagonjwa waliamka wakimshukuru Mungu, na kabla shukrani haijaisha walikuwa wanajinyonganyonga. Aliwapa kasumba, ile afyuni, kidogo, lakini kasumba nyingi nayo ni balaa. Alitaka dawa ya kufukuza maumivu ikae, isiwe mgeni wa kupita, na isimwue mtu.

Msinifanye niseme mambo yalikwenda kama maji mferejini. Mgonjwa wa tatu, mama mmoja wa Kaole, alipolala mezani akainua macho akakutana na uso wa mwosha maiti juu ya kichwa chake na bakuli la maji mkononi, aliteremka, akajifunga kanga yake, akarudi Kaole na uvimbe wake. Ikabidi Bi Mize awe anaingia mgonjwa ameshafumba macho, naye mwenyewe amejifunika ushungi. Hilo nalo hakulijali.

Wakati huo kule Mkange, Zaina alikuwa anashona mkeka. Shazia, ile sindano nene ya kushonea ukili, ilimchoma kidole cha kati cha mkono wa kulia, akakinyonya, akaendelea. Kidole kikavimba. Wakasema ni mdudu wa kidole, wakakibandika majani ya moto, wakakifunga, wakangoja kitumbuke. Hakikutumbuka. Kilikuwa cheusi na kinanuka pale Kitwana alipoona hakuna la kungoja, akatafuta wanaume watatu na machila, wakatembea siku mbili na nusu, wakaingia Gongoni asubuhi jua limeshapanda.

"Shikamoo mama," Kitwana alisema, macho chini, kwa sababu mkwe ni mkwe hata siku kama ile.

"Marahaba, mwanangu. Mteremshe."

Bi Mize alimtazama binti yake. Macho yakafanya kazi yao ya miaka yote: yalimpima, kichwa mpaka nyayo, yakajua uzi utakuwa wa urefu gani. Alijichukia kwa hilo. Alijichukia zaidi kwa lililofuata, maana aliingia ndani, akakitwaa kifurushi chake cha kazi, chenye bafta ya sanda, pamba na kafuri, akakificha chini ya ukaya aliojitanda, akaenda nacho. Mkono ulikwenda wenyewe. Ndivyo alivyosema baadaye, na mimi namwamini.

Daktari Kaitano alikitazama kidole, akainua mkono wa Zaina kwenye mwanga wa dirisha. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kidoleni, umepita kifundo cha mkono, umekaribia kiwiko. Akachukua wino, akapiga alama pale mstari ulipoishia.

"Kidole kitoke leo hii," alisema. "Mstari huu ukifika kwapani, sitakuwa na la kufanya."

Zaina akalazwa mezani. Daktari alimwuliza Bi Mize kama angependa kutoka nje, mwingine akae kichwani. Bi Mize alichovya mkono.

Tone la kwanza, la pili, la tatu. "Ipo," alisema. "Ipo. Ipo." Zaina alihesabu mpaka sita. "Ipo." Daktari akageuka kuchukua kisu. Bi Mize akangoja ubaridi upite juu ya ngozi yake. Haukupita. Akangoja tena, na huku kungoja alikujua mno, alikuwa amengoja hivyo mara nne.

"Haipo," alisema.

Daktari alisema anaona kifua kinapanda.

"Kifua kinapanda, pumzi haitoki. Daktari, haipo."

Daktari akakitupa kitambaa mbali. Akafungua kinywa cha Zaina, akauvuta ulimi uliokuwa umerudi nyuma, akaishika mikono yote miwili, akaipandisha juu ya kichwa, akaishusha na kukandamiza mbavu, akaipandisha, akaishusha. Midomo ya Zaina ilikuwa na rangi ya zambarau. Bi Mize alisoma Alhamdu. Ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Katikati ya ya tatu, kitu cha baridi, chembamba kama unyuzi, kilipita mgongoni mwa mkono wake. Hakukiamini. Kikapita tena.

"Ipo," alisema, na sauti yake haikutambulikana.

Daktari aliketi sakafuni na koti lake. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu. Akasema kwamba dawa ya usingizi hatampa tena Zaina, moyo wake umechoka kwa sumu ya kidonda, mara ya pili hatarudi. Na kumkata akiwa macho, kwa udhaifu ule, kushikwa na wanaume wanne na kupiga kelele, huko nako ni kumwua.

"Hakuna nyingine?" Bi Mize aliuliza.

Ilikuwapo nyingine. Daktari aliinuka akafungua kasha, akatoa kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Kokeini, dawa mpya, imekuja na meli ya Bombei. Huko Ulaya wamegundua juzi tu kwamba ukiidondosha jichoni jicho hufa ganzi mtu akiwa macho. Yeye amejidunga kidoleni mara tatu, akaandika. Ganzi inashika vizuri kabisa, lakini robo saa, ikizidi sana dakika ishirini, imekwisha. Kukata kidole kwenye shina lake, kusafisha mfupa, kuziba mishipa na kushona, ni nusu saa na zaidi. Na hawezi kumwongezea, maana dawa hiyo ikizidi mwilini husimamisha moyo.

"Inakwisha namna gani? Inakwenda wapi?"

"Damu inaichukua. Inaifagia kidoleni, inaipeleka mwilini kote."

Bi Mize aliutazama mkono wa binti yake. Uso wake ulikuwa mbali sana. Kitwana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alidhani mkwewe anazimia, akasogeza kigoda.

"Baba yangu alikuwa mchimba sandarusi porini," Bi Mize alisema mwisho. "Njia ya Msata. Aligongwa na nyoka swila mguuni. Wenzake wakachana kikoi, wakamfunga chini ya goti, wakakaza. Wakamleta nyumbani mwendo wa mchana kutwa, Daktari, na njia nzima alikuwa anaongea, anawatania. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alikula tende mbele yangu. Mguu chini ya kikoi umekuwa mweusi, juu ya kikoi yeye ni mzima. Sumu ilikuwa imekaa pale pale ilipofungiwa."

"Kisha?"

"Kisha baba mdogo akamwonea huruma kwa ule mkazo, akatwaa kisu, akakikata kikoi mara moja. Kahawa haijapoa baba yangu alikuwa hawezi kuinua kope." Akajifuta uso kwa ncha ya ukaya. "Miaka thelathini na saba nakifikiria kikoi kile. Sijalaumu kufunga. Nimelaumu kufungua. Wangalifungua kidogo, wakafunga, wakafungua kidogo, labda mwili ungaliimeza sumu tone tone. Dawa yako nayo si ni sumu? Ifungie kidoleni."

Daktari Kaitano alimtazama kama mtu aliyegongewa mlango na mgeni asiyemtarajia. Alisema hilo hajalisoma popote. Bi Mize akasema yeye hajui kusoma popote, ila Kurani. Daktari akatembea mpaka dirishani, akarudi, akasema haiwezekani kulijaribu jambo kwa mara ya kwanza juu ya mgonjwa aliye katika hali ile, lazima lijaribiwe kwanza kwa mtu mzima wa afya, na yeye mwenyewe anahitaji mikono yake yote miwili.

Bi Mize alishanyosha mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kimejitenga na wenzake.

Wakahitaji utepe, mwembamba, laini, usiorefuka ukivutwa. Daktari akaangaza huku na huku. Bi Mize akageuka ukutani, akaingiza mkono chini ya ukaya, na wakasikia kitambaa kikichanika. Ulikuwa utepe mweupe wa bafta, upana wa nusu kidole. Kitwana, mtu wa shamba lakini si mjinga, aliijua ile bafta ni ya nini. Alitoka nje, akasimama barabarani, akalia.

Daktari akamfunga shina la kidole, akakaza, akamdunga matone machache ya dawa, akaweka saa yake ya mnyororo mezani. Bi Mize alihisi mchomo, kisha moto kidogo, kisha hakuhisi chochote. Akatwaa sindano mwenyewe, akajichoma. Akajichoma tena, mpaka damu ikatoka. Alikitazama kidole kile, chake mwenyewe, kilichoteka maji na kukuna nazi miaka yote, kimekaa mwishoni mwa mkono wake kama kidole cha mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa upande huu, anagusa. Leo ameguswa, na alijua sasa jinsi wale wote walivyokuwa wakihisi maji yake. Hawakuhisi kitu. Wale wanne hawakuhisi baridi, wala mkwaruzo, wala mikono ya mama yao. Aliogopa, akafurahi, akamhimidi Mungu, vyote kwa pamoja, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuyaita.

Robo saa ikapita. Dakika ishirini. Daktari alimchoma, Bi Mize akasema hahisi. Dakika thelathini, hahisi. Daktari aliikodolea macho saa ile kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. Dakika arobaini, akasema basi, akalegeza utepe kidogo, akaukaza, akalegeza, akaukaza. Bi Mize alihisi moyo ukienda mbio mara moja, ukatulia. Halafu kidole kikaanza kumrudia, kwa kuwashawasha, mpaka kikawa chake.

Waligeuka wakautazama mkono wa Zaina. Mstari mwekundu ulikuwa umeivuka alama ya wino kwa upana wa punje ya mchele.

Walimfunga utepe ule ule, kwenye shina la kidole ambako nyama ilikuwa bado nzima, wakamdunga pande zote mbili. Bi Mize alining'iniza kanga baina ya macho ya binti yake na mkono wake, akakaa mahali pake, mkono umelowa, chini ya pua.

"Mama," Zaina alisema, sauti ndogo, "nani anawapa kuku chakula?"

"Jirani yako."

"Jirani yangu mvivu. Atawapa asubuhi tu." Msumeno mdogo ulikuwa umeanza, na mlio wake ulijaa chumba kizima. Zaina alisikiliza. "Mama, anakata nini huyu?"

"Kucha."

"Kucha gani hiyo."

Kwa hilo Bi Mize alicheka, na mkono ukamtikisika, akauweka sawa. Mtu anakatwa mfupa na anataka kujua habari za kuku. Alimwangalia daktari, akaona midomo yake inatembea, naye anasali kwa dini yake. Hakuna aliyekuwa na haraka mle ndani. Zaina alieleza jinsi mkeka ule ulivyokuwa umebaki mikunjo mitatu tu, na rangi alizotia, na jinsi atakavyoumaliza akirudi. Kisha akakumbuka kwamba kidole ni cha mkono wa kulia, akanyamaza, akalia kidogo. Lakini alilia huzuni, maumivu hayakuwamo.

Walipomaliza kushona, daktari aliishika ncha ya utepe. "Bi Mize," akasema, "wewe ndiye utakayeniambia."

Akalegeza kidogo. "Ipo," alisema Bi Mize. Akakaza. Akalegeza. "Ipo. Inakwenda mbio. Ngoja." Akangoja. "Imetulia. Haya." Ilichukua muda mrefu kuliko kukata kwenyewe. Utepe ulipotoka wote Bi Mize aliendelea kusema ipo, ipo, mpaka Zaina akamwambia, "Mama, nimesikia."

Maumivu yalifika alasiri, na yalikuwa makali. Daktari alimpa kasumba, kidogo tu, na Zaina alikuwa ameshapata uji na nguvu ya kuyapokea.

Lakini kidole kilikuwapo. Kiungo cha Mwislamu hakitupwi kama maganda ya muhogo, hukunjwa kitambaani na kuzikwa, na hilo hakuna aliyelijua zaidi ya Bi Mize. Alikiweka kwenye kikombe pamoja na kafuri, akakifunika, na siku ile hakukipeleka. Kitwana alipomwuliza kwa nini, alisema ukweli: hakutaka kumwendea Mwinyimvua mara mbili.

Kesho yake asubuhi daktari aliufungua mkono wa Zaina kwenye mwanga wa dirisha lile lile. Mstari ulikuwa umerudi chini ya alama ya wino, umepauka, na Zaina alikuwa anamgombeza mumewe kwa kuacha shamba liliwe na ngedere. Bi Mize aliutazama mstari, akaomba autazame tena, kisha akatoka akaenda zake nyumbani bila kuaga.

Alikiosha kidole mara tatu, maji ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho. Kabla ya kata ya kwanza mkono wake wa kushoto ulichovya wenyewe majini, ukaenda kutafuta pua. Alijicheka. Akakata kipande cha bafta, urefu wa shubiri, akakikunja, akakifunga ncha mbili. Bafta iliyobaki, kipimo cha mwanamke mzima, aliichanachana yote vipande vya kufungia kidonda. Kisha akatwaa ukindu, akapima, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa.

Mwinyimvua alikuwa ameketi penye lango la makaburi. Alishasikia kwamba Zaina ameletwa kwa machila. Alipomwona Bi Mize anakuja na mkono umefumba aliinuka, akajipangusa viganja, na uso wake ukawa mzito, maana wale wanne yeye ndiye aliyewachimbia. Bi Mize akanyosha mkono kama kawaida, Mwinyimvua akaupokea uzi kama kawaida, akasema inna lillahi. Halafu akahisi jinsi ulivyo mfupi. Akaunyosha baina ya vidole vyake, akautazama kwa muda.

"Alikuwa mjamzito?" aliuliza kwa upole.

"Kidole," alisema Bi Mize. "Cha kati. Mwenyewe yuko anagombana na mumewe."

Mwinyimvua aliketi chini pale pale. Jembe hakuligusa, alichimba kwa mikono, karibu na wale wanne, shimo la kina cha kiwiko, akakizika kile kidole alichokabidhiwa, na Bi Mize akamngoja langoni huku akilia kwa sauti, bila haya, yeye ambaye miaka yote hiyo mji haukupata kumwona akilia hapo. Aliporudi, Mwinyimvua alikuwa bado na uzi mkononi. Kwa desturi nyuzi zile alizifukia pamoja na maiti wenyewe. Huu alimrudishia.

"Sichukui," alisema. "Rudi nao nyumbani."